Alizaa Wangapi

Machi 4
Mvua imenikuta nimeanika shuka zote za nyumba ya wageni ninayoifulia. Nimeanua mbio, nusu yake zimelowa upya na nyingine zimeburuzwa kwenye tope, kwa hiyo kazi ya leo ni ya kesho pia. Sasa nimefunga kamba ndani, kutoka kwenye nondo ya dirisha la duka letu la udobi hadi mlango wa chumba chetu cha kulala. Ukitaka kwenda jikoni unapita katikati ya shuka kama unapita katikati ya watu.

Na nina mimba. Nimeliandika mwisho kana kwamba ni jambo dogo.

Machi 5
Mvua. Hakuna kilichokauka.

Machi 9
Kliniki. Daktari ni mwanamke mfupi anayeita kila mgonjwa "mama", hata wale wasio na mtoto. Akaniuliza kama hii ni mimba ya kwanza.

"Ya pili," nikasema.

"Wa kwanza yuko wapi?"

Nikamwambia. Mtoto wa kiume, aliishi miezi mitano, akafa mwaka juzi. Nikamweleza alivyokuwa: mlegevu tangu siku ya kwanza, miguu imetawanyika kama ya chura, hawezi kunyonya bila kupumzika, hawezi kuinua kichwa. Alipolia alitoa sauti ndogo, ya paka aliyefungiwa kabatini. Hospitali alikotibiwa walisema atapata nguvu. Hakupata.

Daktari akaacha kuandika. "Mama yako alizaa wangapi?"

"Niko peke yangu."

"Hujanielewa. Sikuulizi ana wangapi. Nakuuliza alizaa wangapi."

Nikasema sijui tofauti yake. Akanieleza polepole. Upo ugonjwa wa misuli ambao mwanamke huubeba bila yeye kuumwa, akamrithisha mtoto. Wa kike akiurithi, kwa kawaida haugui, ila naye anaubeba. Wa kiume akiurithi huwa kama wangu. Damu yangu ikipelekwa maabara kubwa ya nje itaonyesha kama naubeba, na damu hiyohiyo itaonyesha kama aliye tumboni ni wa kike au wa kiume. Akiwa wa kiume, kinafuata kipimo cha pili, cha sindano tumboni, ili tujue kama amerithi.

"Ni ghali?" nikauliza.

"Ghali sana. Una bima?"

Ninayo, ya kazini kwa mume wangu, kiwanda cha uchapaji. Akaniandikia barua ya kuwapelekea.

Machi 10
Nimemwambia mume wangu habari yote. Alikuwa anasugua wino kwenye kucha. Akasugua mpaka nikaona damu. "Nenda bima," akasema. Basi.

Yule hawezi kuongea habari za mtoto. Tangu tumzike hajawahi. Kuna siku nafikiri amemsahau, na siku hizo namchukia.

Machi 13
Ofisi ya bima iko juu ya duka la vipuri, ngazi nyembamba, viti vya plastiki vilivyounganishwa pamoja ili mtu asihame na chake. Dada wa dirishani ana kucha fupi na sauti laini ya mtu anayesema hapana siku nzima.

Alisoma barua ya daktari, akachapa, akasoma tena kwenye kompyuta.

"Dada, kwenye kumbukumbu zetu mtoto alifariki kwa homa ya mapafu."

"Mwisho ndiyo, kifua kilimbana. Lakini hakuwa anaumwa mapafu. Alikuwa hana nguvu."

"Naelewa. Lakini kilichoandikwa ni homa ya mapafu. Na homa ya mapafu si ya kurithi." Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayekusomea maandishi ukutani. "Kipimo hiki tunalipia kama kuna historia ya familia iliyothibitishwa. Kuna mwingine kwenu aliyepata hali hii?"

Nikasema sijui.

"Ukijua, rudi."

Nimetembea mpaka nyumbani bila mwavuli. Nilikuwa nafikiri kwamba mtoto wangu amekufa mara mbili, mara ya pili akiwa mtoto mwingine kabisa, mwenye ugonjwa wa watu wengine.

Machi 14
Nimemuuliza mume wangu nani alisema homa ya mapafu. Amekoroga chai mpaka ikapoa.

"Mimi. Walioandika cheti cha kifo waliniuliza alikuwa anaumwa nini. Wewe ulikuwa umelala pale chini, huongei. Nikasema kifua. Ndicho nilichokuwa nakiona, kile kifua kinavyozama."

Kisha akaniambia kwamba kazini kuna mashine ya kukunja karatasi inayovuta pumzi vilevile. Ameomba ahamishiwe upande wa kukata. Hakuniambia zamani kwa sababu, amesema, "ningekuambia nini?"

Sitaandika tena kwamba amesahau.

Machi 20
Mama amekuja. Nilimpigia simu nikamwambia nina mimba tu, sikumwambia mengine. Ameingia na begi lake dogo, akanitazama tumbo ambalo bado halijatokeza, akauliza pasi iko wapi. Mpaka jioni amepiga pasi mashati yote ya hoteli tunayoifulia.

Lazima niandike jambo hili ili nisimwonee wala nisijidanganye. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, Mama alikuja vilevile. Alifunua kanga, akamtazama namna alivyolala, akamfunika. Kesho yake alfajiri alifunga begi akasema ana mambo nyumbani. Hakumpakata hata mara moja. Hakurudi mpaka mazishi. Miaka yote hii nimeishi na mgongo wake akitoka pale mlangoni.

Machi 22
Nimemuuliza, nikijifanya ni mazungumzo tu: "Mama, kabla yangu hukuwahi kupata mtoto?"

"Hii shuka bado mbichi," akasema.

Machi 24
Mvua. Nimemuuliza tena. Amesema kichwa kinamuuma.

Machi 25
Nimemwambia daktari ndiye anayetaka kujua. "Daktari wako ana kazi ndogo sana," akasema, akaenda kusuuza ndoo iliyokuwa safi.

Nyumba nzima inanuka unyevu. Usoni mwa shuka kuna umbo ninalolijua, ni mkunjo tu, nikiugusa unaondoka. Halafu nasikia ile pumzi ya mwanangu. Nasimama kati ya shuka nasikiliza, na Mama upande wa pili naye amesimama. Naona miguu yake chini ya pindo. Hakuna anayemuuliza mwenzake anasikiliza nini.

Machi 30
Nimesubiri wote walale ndipo niandike.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa, bati likipiga kelele mpaka tunaongea kwa ishara. Ilipopungua kidogo tukasikia kilio nyuma ya mashine ya kufulia. Chembamba, cha kukatikakatika. Nilijua ni paka. Wiki nzima kuna paka mwenye mimba anazunguka uani. Najua, lakini nilishageuka kuelekea chumbani.

Mama alikuwa anapiga pasi. Akaiacha pasi juu ya shati la mteja, moshi ukaanza, na yeye yuko chini kwa magoti anaingiza mkono nyuma ya mashine.

"Mnyanyue kichwa!" anasema. "Mnyanyueni kichwa, hawezi mwenyewe! Mnamlaza chali, hawezi!"

Nikazima pasi. Nikamshika mabega. "Mama, ni paka."

"Hawezi kuvuta pumzi akilala hivyo!"

"Mama. Ni paka. Mtazame."

Alimtoa. Kijipaka cha kijivu, kimelowa, macho hayajafunguka. Akakiweka kiganjani, kidole kimoja kimeinua kidevu chake, kwa ustadi ule ambao mimi nilijifunza kwa miezi mitano. Hakuna aliyemfundisha hapa. Mama hakumshika mwanangu. Kilio chake hakukisikia, aliondoka kabla mtoto hajapata nguvu ya kulia.

Nikakaa sakafuni karibu naye, kwenye maji. "Mama, ulizaa wangapi?"

Mvua ilikuwa inaanza tena. Nilifikiri atatumia kelele zake kujificha.

"Watatu," akasema. "Wewe ni wa mwisho."

Wawili wa kwanza walikuwa wavulana. Mmoja aliishi mpaka akaanza kutabasamu. Wa pili hakufika huko. Alipokufa wa pili, bibi yangu mzaa baba alisimama mlangoni mbele ya waombolezaji akasema mwanamke huyu anakula wanawe wa kiume. Neno hilo halikurudi ndani. Visimani walimpisha, lakini si kwa heshima. Watoto waliitwa waingie ndani akipita. Baba yangu alivumilia mpaka mimi nilipozaliwa, halafu akasema ahsante kwa huyu, lakini siwezi, akaoa kwingine. Mama akanibeba akaja mji ambao hakuna aliyemjua, na kila aliyemuuliza alimjibu ana mtoto mmoja. Na hilo lilikuwa kweli.

"Ulipofunua ile kanga," nikasema.

"Nilimtazama mara moja nikajua."

"Ukaondoka."

"Ningefanya nini? Nimpakate, afie mikononi mwangu, wakwe zako waulize, waende kuulizia kule nilikotoka? Wangekufukuza kama nilivyofukuzwa. Na mimi..." Kijipaka kilikuwa kimelala. "Na mimi niliogopa kwamba labda ni kweli. Labda ni mkono wangu. Nikasema nisimguse huyu, pengine nisipomgusa atapona."

Nililia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa hata makaburini. Yeye hakulia. Alinishika kisogo, akainua kidogo, kama vile mimi ndiye nisiyeweza.

Machi 31
Hoteli wanadai shati lao.

Aprili 3
Nimemweleza Mama maneno ya daktari. Kwamba si mkono, si jicho, si ulimi wa mtu. Kitu kimeandikwa ndani ya damu tangu yeye hajazaliwa.

Alisikiliza vizuri sana. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ilitoka kwangu."

"Kama ilivyotoka kwangu."

"Basi walisema kweli. Walikosea neno tu."

Nikaendelea kukunja mashati.

Aprili 5
Nimemwomba twende bima akaseme. Amekataa. "Nimekuambia wewe. Hao siwajui." Nikamwambia bila yeye hawalipi. Mume wangu akadakia kwamba atauza pikipiki. Hesabu tulishafanya, pikipiki haifiki hata robo.

"Wakiandika," Mama akasema, "litakaa huko. Mtu yeyote atalifungua."

Aprili 8
Mvua. Daktari amenipima kwa ultrasaundi. Mama aliingia na mimi. Mtoto amekunja miguu, hakuonyesha kitu, na daktari anasema hata angeonyesha, bado ni mapema kuamini. Lakini moyo tuliuona unapiga. Mama alitazama ile skrini mpaka ilipozimwa, na baada ya kuzimwa akaendelea kuitazama.

Aprili 9
Asubuhi nimemkuta amevaa gauni lake la safari. Nikajua anaondoka tena. Nikageuka nisiuone ule mgongo.

"Vaa viatu," akasema. "Hiyo ofisi inafungua saa ngapi?"

Tulikaa kwenye vile viti vilivyounganishwa. Mtu wa mwisho akikaa, wote mnatikisika. Zamu yetu ilipofika, dada wa bima alinikumbuka.

"Huyu ni mama yangu," nikasema. "Ndiye historia ya familia."

Nilitaka iwe utani. Haikuwa.

"Shikamoo mama," akasema dada. "Ulizaa watoto wangapi?"

"Watatu. Andika watatu. Usije ukaandika mmoja."

"Walio hai?"

"Huyu."

Dada akachapa. Akauliza waliugua nini. Mama akasema hospitali hawakufika, kwa hiyo jina la ugonjwa hana, lakini atamweleza. Akamweleza. Miguu ilivyolala. Namna ya kubana shavu ili maziwa yashuke. Jinsi unavyojua kwamba leo kifua kimechoka kuliko jana. Nyuma yetu foleni ilikuwa inanung'unika, na mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba watu wengine wana kazi. Dada alikuwa ameshaacha kuchapa. Mikono yake ilikuwa juu ya vitufe, haiendi.

Mama akafika mwisho. Akainama karibu na kitundu cha kioo. "Mwanangu, mmeandika huko kwamba ni mimi niliyewapa?"

"Hapana, mama," akasema dada. "Hapa hakuna mahali pa kuandika nani kampa nani. Panaulizwa tu ni nani aliugua."

"Soma tena."

Akasoma tena, skrini nzima, mpaka chini, huku yule mwanamume akifoka. Mama akatia saini.

Tulipokuwa tunaondoka, dada akaniita kwa chini. "Nitaipeleka kwenye kamati mwenyewe. Siahidi kitu." Alikuwa anafuta chini ya jicho kwa kucha. Kumbe kwenye lile dirisha kuna mtu.

Aprili 12
Mvua. Kijipaka kimefungua macho.

Aprili 17
Mvua. Hakuna simu.

Aprili 22
Bima wamekubali. Watalipia damu yangu, na sindano ikihitajika. Mume wangu amesoma barua hadi mwisho, kisha akarudia mstari mmoja kwa sauti: mtoto akizaliwa na ugonjwa huo, matibabu yake hayatalipiwa, kwa kuwa ni hali iliyojulikana kabla.

"Kwa hiyo wanalipia kujua," akasema. "Kuumwa hawalipii."

Mama aliyekuwa mlangoni akauliza, "Ni kwa sababu nilisema?"

Tukamwambia hapana, wote wawili kwa pamoja, haraka mno.

Aprili 24
Nimetolewa damu. Vichupa viwili vidogo. Nilivitazama vikipelekwa nikafikiri mtu anawezaje kubeba jambo kubwa namna hii asihisi hata uzito.

Aprili 29
Nasubiri.

Mei 2
Nasubiri. Nimekosana na Mama kuhusu chumvi. Haikuwa chumvi.

Mei 6
Niseme ukweli mahali fulani. Naomba awe wa kiume. Najua maana yake, najua sindano na yanayofuata, na bado nikifumba macho namwomba yuleyule arudi, safari hii na nguvu zake. Nimezitoa fulana zake nikazifua, ingawa ni safi, na kuzianika kati ya shuka. Mume wangu amepita akaziona. Alisimama. Kisha akageuza moja iliyokuwa imeanikwa ndani nje, akaenda zake.

Mei 11
Daktari amepiga simu. Kesho.

Mei 12
Tulienda watatu. Daktari alileta kiti cha tatu mwenyewe.

"Mama," akaniambia, "unaubeba. Tulichofikiri ndicho."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Mama yangu hakuwa amejiandaa. Alishika ukingo wa meza.

"Na aliye tumboni ni wa kike. Hataugua kama kaka yake. Sindano haina haja."

Mume wangu alitoa sauti kama mtu aliyetuliwa gunia. Akaweka uso kwenye viganja vyake vyenye wino na mabega yakaanza kutikisika. Nilimpapasa mgongo, nikatabasamu, nikasema ahsante. Na ndani yangu kulikuwa na mlango uliofungwa taratibu sana, na aliyekuwa nje ya mlango huo alikuwa na miezi mitano. Hatarudi. Anayekuja ni mwingine, mtu wake mwenyewe.

"Anaweza kuwa anaubeba kama wewe," daktari akaendelea, "au asiubebe kabisa. Ukitaka kujua sasa, tunaweza, bima walishakubali. Sindano ina hatari yake kidogo. Au asubiri akue."

Mume wangu akanitazama. Mama akatazama chini.

"Hapana," nikasema. "Akiwa mkubwa ataamua mwenyewe apimwe au asipimwe."

Mei 13
Jua. Nimeanika nje kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Mei 19
Mama alisema ataondoka leo. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa uani nabana shuka, akaja akashika ncha ya pili, tukawa tunazinyoosha wawili, kila mmoja akivuta upande wake.

"Utamwambia?" akauliza.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akifika umri wa kuelewa."

"Mimi pia nilikuwa nasubiri ufike umri huo. Kila mwaka nilikutazama nikaona bado."

Tukanyoosha nyingine. Nilitaka kumwambia kwamba mimi si yeye, kwamba siku hizi ni tofauti, kuna madaktari, kuna maabara. Lakini nilijua ingekuwaje. Ningemtazama binti yangu anacheza, nikasema si leo. Kesho yake si leo tena. Na kimya kingehamia kwake bila kusindikizwa na mtu.

"Basi kaa," nikasema. "Tumwambie pamoja. Tuanze sasa, hata kama hasikii vizuri."

Mama alicheka kidogo, cheko la kushangaa. "Nimwambie tumbo?"

"Mwambie."

Akatazama barabarani, hakuna mtu. Akatazama mlango wa jirani, umefungwa. Akaweka kiganja chake tumboni kwangu, kiganja kizima, kilikuwa bado baridi kwa maji ya shuka, na hakukiondoa.

"Wewe," akasema. "Kabla ya mama yako walikuwapo wajomba zako wawili."

Akawataja majina. Mara ya kwanza maishani mwangu nayasikia. Aliyataja kwa sauti ya kawaida, kama mama anayeita watoto waje kula, na alipomaliza alisubiri kidogo, kana kwamba wataitika.

Nami nikalitaja la mwanangu.